Shahidi wa Ukutani

Wanasema maiti hutajwa kwa mema yake. Mema ya ami yangu nimeyatafuta miaka mingi, na nikiyapata nitayaandika mahali pengine. Hapa naandika habari ya leseni ya udereva ya mdogo wangu wa kike, na ya mwanamke mmoja wa sinema ambaye ami alimchukia hata kuliko alivyonichukia mimi.

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu hapa mjini Ibra hakuna mtu aliyewahi kueleza habari zangu sawasawa. Nilifika Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na begi moja, diploma ya umeme na mitambo, na mashine ya sinema ndani ya sanduku la mbao. Baba alifia Unguja. Mama, mdogo wangu na mimi tulihamia bara, na huko nilijisomesha. Sikubebwa na mtu. Mchana nilikuwa chuoni, jioni nikionyesha sinema kwenye harusi za watu, kwa mashine niliyoinunua kwa Muhindi aliyekuwa anafunga jumba lake. Nilifaulu kwa daraja la juu. Diploma nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni Ibra, na mpaka leo ipo pale pale, na kila aliyeingia nyumbani kwangu amekaa chini yake. Taa za kwanza za umeme mtaani kwetu niliziwasha mimi, kwa mkono huu unaoandika. Waliokuwa wakituita Wazinjibari, watu wa Zanzibar wasio Waomani, walinyamaza usiku ule. Asubuhi wakaanza tena.

Ami alikuwa kaka yake baba, na hakupata kutoka Oman hata siku moja. Baba alipokwenda Afrika, yeye alibaki na mitende na zamu ya maji ya falaji, ule mfereji unaonywesha mashamba yote ya mji. Tuliporudi tulimkuta ameshavizoea vyote viwili kama vyake. Lakini tulimhitaji. Siku zile mtu aliyerudi kutoka Afrika hakuhesabiwa Muomani mpaka mzee wa kabila lake asimame mbele ya wakubwa aseme: huyu namjua, ni wetu. Ami alikwenda akatushuhudia. Mbele ya wakubwa aliisema sentensi ile mara moja tu. Mbele yetu aliisema kila Ijumaa baada ya kula.

"Lau si ulimi wangu," alikuwa akisema huku akifuta vidole, "nyinyi mngekuwa watu wa nani?"

Aliisema kwa Kiarabu, maana Kiswahili hakujua ila maneno mawili ya matusi aliyoyaokota kwetu. Mama alikuwa akijibu kwa kumwongezea kahawa.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa hisabati katika skuli ya wasichana Samad. Kutoka Ibra si mbali kwa mtu mwenye gari, lakini yeye alipelekwa na mtoto wa ami, ambaye alikuwa na Land Rova na mkataba wa kuwapeleka walimu. Mtoto wa ami alikuwa mtu wa kulala. Mara aamke, mara asiamke. Mara apitie kwanza kwa mwenye mbuzi. Mdogo wangu alikuwa akimngoja barazani na mfuko wa madaftari mapajani. Akimuuliza kwa nini kachelewa, jawabu lilikuwa, "Hisabati haiozi, ewe binti ami."

Mwalimu mkuu hakuliona jambo hilo la kuchekesha. Alimwandikia barua ya kwanza, kisha ya pili. Katika ya pili alimwambia kuwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka, siku atakayochelewa tena, nafasi yake atapewa mwalimu mwengine. Mdogo wangu alinionyesha barua ile sebuleni, amesimama chini ya diploma yangu.

"Kaka," akasema, "nifundishe gari."

Sheria haikumkataza. Maskati wanawake walikuwa wakiendesha. Na kama ni walii, msimamizi wa mwanamke, kwa dini walii wake nilikuwa mimi, ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini mama alisema binti yake hashiki usukani mpaka ami aridhie. "Yule katushuhudia, mwanangu," alisema. "Ukimvunjia uso leo, kesho utakwenda kwa nani?"

Nikaenda kwa ami. Akaniambia kuwa mwanamke hawezi kuendesha gari, kwa sababu hajapata kumwona.

"Ukiona utakubali?"

"Niletee shahidi."

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa ujuzi wangu wote. Ami aliamini ushahidi kama watu wengine wanavyoamini dawa. Kila jambo kwake lilikuwa na msemaji na msikilizaji: nani kaona, nani kasema, nani anamjua aliyesema. Nikafikiri, mtu kama huyu humpelekei hoja, unampelekea macho. Na mimi nilikuwa na mwanamke anayeendesha gari, amekunjwa ndani ya kopo la bati chini ya kitanda changu.

Jina lake silijui. Mkanda ulikuwa wa vichekesho vya zamani vya Hollywood, vya kabla sinema haijaanza kusema, na kipande cha mwanzo chenye majina kilikwishakatika nilipoununua. Nilikuwa na mikanda kumi na moja ya namna ile. Katika kumi, kazi ya mwanamke ilikuwa kusimama pembeni na kutia mikono mashavuni wakati mwanamume anaanguka. Huyu wa kumi na moja hakusimama pembeni. Alikuwa na mdomo mpana na nyusi nzito. Mama alisema ana uso wa mpishi wa harusi anayengoja kuni. Mchumba wake ametumwa kupeleka barua stesheni kabla treni haijaondoka, naye analiogopa gari. Mwanamke anamtoa kwenye kiti kama unavyotoa mto, anavaa kofia yake, anaondoka. Gia za mbele zimekufa. Basi anapita mji mzima kinyumenyume, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, kiwiliwili kizima kimegeuka, tufaha limebanwa menoni. Mapipa yanaruka. Matikiti yanapasuka. Kofia ya bwana mmoja mnene imeanguka njiani. Anaikanyaga, anakosa njia, anazunguka mtaa, anaikanyaga tena.

Nimewatazama watu wakimtazama, bara na Oman, harusi baada ya harusi, na nina haki ya kusema kinachowavuta. Hacheki na haombi radhi. Wachekeshaji wanaume wakishaanguka hututupia jicho kuuliza kama tumewaona. Yeye hatutazami hata mara moja. Ana pahali anapokwenda. Wanawake bara walikuwa wakimpigia vigelegele tangu anapovaa kofia, na waume zao wakicheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko kicheko chenyewe. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili siku zile, kazi yake kunishikia waya, na mkanda ule hakuucheka kabisa. Aliutazama kama mtu anayenakili ubaoni.

Na mimi, kama mtu wa mitambo, niliona jambo ambalo ami hakuwa na elimu ya kuliona. Gari lile liliendeshwa kweli, na aliyeliendesha ni yeye, maana picha haikukatwa popote ili kumweka mwingine. Baada ya mapipa kuna kigari cha mtoto mchanga kimeachwa katikati ya njia, naye anakipita kwa upana wa kiganja. Anayeangusha mapipa yote na kukiacha kigari kile hakijatikisika anaijua kazi yake mpaka anaweza kuichezea.

Tulimwonyesha ami siku ya Alkhamisi baada ya Alasiri, madirisha yamefungwa, ukuta umepakwa chokaa upya. Alikaa mbele na bakora yake, mtoto wake ubavuni. Mama na mdogo wangu walikaa nyuma, karibu na mlango. Mashine ikaanza kukereza, mwanamke akatokea ukutani.

"Nani huyu?" ami akauliza.

"Mwanamke wa Kimarekani, ami."

"Binti wa nani?"

"Sijui."

"Wa kabila gani?"

"Ami, ni sinema."

"Umeleta shahidi asiyejulikana," alisema, lakini akaendelea kutazama.

Pipa la kwanza lilipoanguka, aligonga sakafu kwa bakora. La pili, akagonga tena. Mtoto wake alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, na kila akicheka ami alizidi kukunja uso. Kofia ya yule bwana mnene ilipokanyagwa, niliona mkono wa ami ukipanda polepole mpaka kwenye kilemba chake. Ilipokanyagwa mara ya pili, akasimama. Kivuli chake kikaziba ukuta mzima.

"Yatosha. Shahidi umemleta wewe mwenyewe, na shahidi amesema. Kaangusha soko zima. Unataka aseme nini tena?"

Sikuwa na jawabu. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mara nilizokosa jawabu katika maisha yangu naweza kuzihesabu. Nilikuwa nimeutazama mkanda ule kwa macho ya fundi miaka kumi na kitu, nikasahau kuwa mtu anayeuona mara ya kwanza anaona mapipa tu.

Sauti ikatoka mlangoni. "Ami, hajamaliza kusema."

Ami hakugeuka. "Nimesikia ya kutosha."

"Kadhi hunyanyuka shahidi bado anasema?"

Kiarabu cha mdogo wangu kilikuwa cha skuli, kila neno limepigwa pasi, na ami alikuwa akikicheka siku zote. Siku ile hakucheka. Alisimama pale, mwanamke wa sinema akimpita mgongoni pamoja na gari lake, kisha akakaa. Alipenda sana kuwa kadhi.

Akakitazama kigari cha mtoto. Akaitazama stesheni, treni inapiga moshi, mwanamke anasimamisha gari, anatoa tufaha mdomoni, anatoa barua. Mchumba anafika nyuma yake kwa miguu, nguo zote matope. Ukuta ukabaki mweupe.

"Aliyefika na barua nani?" mdogo wangu akauliza.

"Na kofia?" ami akasema.

"Ilikuwa njiani."

Mtoto wa ami aliachia kicheko, akaona uso wa baba yake, akakimeza.

"Kofia ya mtu ni heshima yake," ami akasema. "Haya. Polisi nao wana mapipa kwenye mtihani wao. Nitakuja kuyaona kwa macho yangu. Akitoka hajagusa hata moja, mimi sina neno. Pipa moja likianguka, gari halitajwi tena, na kazi ya Samad ataiacha akae kwa mama yake." Aliegemea bakora. "Mimi nilisema mbele ya wakubwa kuwa nyinyi ni watu wa nyumba yangu. Aliyesema neno anaweza kurudi akalisahihisha."

Nikasikia gilasi ya mama ikigongana na kisahani chake. Sijawahi kumsamehe ami kwa sauti ile, na sitaanza sasa.

Kwa wasioujua mtihani wa udereva wa kwetu: askari wa trafiki hupanga mapipa yakafanya chumba kisicho na mlango ila upande mmoja, na chumba hicho ni kipana kidogo tu kuliko gari. Unaingia kinyumenyume, unatoka. Ukigusa pipa umeanguka. Wanaume wazima, madereva wa malori, nimewaona wakitoka pale wamelowa jasho, wanalaumu jua.

Nilichukua mapipa matupu ya mafuta kutoka kituo cha umeme, nikayapanga uwanjani nyuma ya mtambo, na kila siku baada ya kazi nikamfundisha mdogo wangu kwa pikapu yangu. Nilimfundisha kwa kanuni: kioo cha kati, kioo cha kulia, pembe ya usukani, hesabu ya magurudumu. Nilimchorea. Mwalimu wa hisabati hukosi kumwelewesha kwa mchoro. Akaangusha mapipa wiki nzima.

"Kioo," nilikuwa nikimwambia. "Tazama kioo. Nimesema kioo."

"Kaka," alisema siku moja akazima gari, "unajua unafanana na nani? Wale watu wa ukutani. Midomo inakwenda, sauti haisikiki."

"Basi fanya unavyojua."

Akanyoosha mkono akakigeuza kioo cha kati kikatazama paa. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti changu, akageuka kiwiliwili kizima mpaka mtandio ukamteleza begani, akayatazama mapipa moja kwa moja kama anayetazama darasa linalopiga kelele. Akaingia. Akatoka. Akaingia tena. Hakuna pipa lililotikisika. Katika diploma yangu somo hilo halikuwamo, na nilisoma masomo yote yaliyokuwamo.

Siku ya mtihani ami alikuja na watu wa sabla yake wote, yaani wazee na vijana waliokuwa wakikaa naye chumba cha mazungumzo kila asubuhi. Walijipanga kwenye ukuta wa uwanja wa polisi na birika la kahawa, wanapeana vikombe kama watu waliofika mapema sinema. Mtoto wa ami hakushuka kwenye Land Rova. Nilisimama peke yangu upande wa pili, nimevaa kanzu, ile dishdasha niliyoivaa siku ya kupokea barua yangu ya kupandishwa cheo.

Mdogo wangu aliingia garini. Askari, mtu wa Nizwa, mrefu, asiye na maneno, alisimama nje karibu na pipa la mwisho, akaashiria. Mdogo wangu akageuza kioo kikatazama juu. Mmoja kule ukutani akasema, "Keshaharibu kioo," na wengine wakacheka. Akageuka nyuma. Gari likaanza kurudi.

Lilipokuwa nusu ndani, mtoto wa ami akapiga honi. Si kidogo. Aliikandamiza mpaka njiwa wakaruka ukutani.

 Najua mtu anavyofanya akishtuliwa. Mguu hukanyaga chochote kilicho chini yake. Gari lilisimama. Mdogo wangu hakugeuza uso kutazama honi inatoka wapi. Hakumtazama mtoto wa ami, wala ami, wala mimi. Alibaki amegeuka nyuma vile vile, shingo imenyooka, mpaka honi ikachoka yenyewe. Kisha gari likamaliza kuingia, likasimama upana wa kiganja kutoka pipa la nyuma, likatoka.

Askari aliyapita mapipa yote, akayagusa moja moja kama mtu anayetafuta kosa na angependa kuliona. Akaandika.

Ami alimwaga kahawa yake mchangani. "Askari ni Mzinjibari," akasema kwa watu wake.

"Huyu ni mtu wa Nizwa," nikamjibu kutoka upande wangu, "yeye na babu yake na babu wa babu yake. Niletee shahidi wa kusema vingine."

Ndiyo maneno marefu ya mwisho niliyomwambia.

Mama, aliyekuwa akitungoja nje ya uwanja, alishikilia kuwa tupite kwa ami tumsalimie kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Adui kwake alikuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Mdogo wangu akaendesha, leseni imo mkobani, mama mbele, mimi nyuma ya pikapu kama gunia. Nyumba ya ami ilikuwa mwisho wa kichochoro cha kuta za udongo, hakuna pa kugeuzia gari. Sabla ilikuwa na mlango mpana unaofungukia kichochoro, na chini ya kizingiti, kwa desturi, makubadhi ya waliokaa ndani yalikuwa yamepangwa safu, kama jozi ishirini, yakichukua nusu ya njia.

Tulipofika, wazee wote walikuwa wamesharudi. Mama alimsalimia ami kutoka kwenye dirisha la gari, akamuuliza hali, akamuuliza hali ya kila mtu wa nyumba yake, akamwombea umri. Ami akajibu kwa kidole kimoja kilichoinuliwa. Hakutoa hongera, hakusema hata mabruki. Mtoto wake hakuonekana.

Kutoka ilibidi kurudi nyuma. Mdogo wangu akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha mama, akageuka. Watu wa sabla wote wakageuza shingo kutazama njia, vikombe mikononi. Gari likaanza kurudi polepole kando ya safu ile ya makubadhi.

Hapo nikamwona ami akinyoosha bakora yake mlangoni. Akainasa jozi yake ya makubadhi, moja, ya pili, akaivuta ndani kwenye busati, karibu na goti lake. Ya wenzake akaiacha.

Gurudumu lilipita upana wa kiganja kutoka kwenye zile zilizobaki, na halikugusa hata moja. Nilimpungia ami mkono ili ajue kuwa nimemwona. Hakuurudisha, na baada ya siku ile sikumpungia tena.